Linda-Gail Bekker na sindano ya kinga: nani anufaike kwanza?

Julai 2024, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Munich, Profesa Linda-Gail Bekker wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliwasilisha matokeo ya PURPOSE 1, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda. Kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa lenacapavir, dawa ya kukinga VVU, kila baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vilivyozoeleka, 16 waliambukizwa.

Wanaomsifu daktari huyu wana hoja nzito. Miaka ya nyuma, katika utafiti wa VOICE, wanawake walipewa vidonge vya kinga, lakini dawa ilikutwa katika chini ya theluthi moja ya sampuli za damu zao. Ilikuwa rahisi kuwalaumu. Lakini kichupa cha vidonge hulia mkobani. Mama akikiona, au mpenzi, maswali yanaanza, na binti anaonekana mgonjwa tayari. Sindano huchomwa tumboni na kuacha kijinundu chini ya ngozi, basi. Tena PURPOSE 1 ilipokea wasichana kuanzia miaka 16, na aliyeshika mimba hakulazimika kutoka. Hilo nalithamini sana, kwa sababu wajawazito wamezoea kufungiwa nje ya majaribio, halafu wanaandikiwa dawa ambazo usalama wake kwao haujapimwa.

Wapo wanaosema sindano haiondoi umaskini unaowaweka mabinti hatarini. Ni kweli, ila binti wa leo hawezi kungoja umaskini uishe.

Hoja inayoniuma ni nyingine. Mfadhili wa utafiti ni Gilead, kampuni yenye dawa hiyo, iliyopanga bei ya dola 28,218 kwa mwaka nchini Marekani. Leseni za Oktoba 2024 ziliruhusu kampuni sita kutengeneza dawa hiyo kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, Afrika Kusini na Uganda zikiwemo. Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao katika PURPOSE 2, utafiti mwenzake wa dawa hiyohiyo, ziliachwa nje. Dawa ya dola 40 kwa mwaka imetangazwa kuanza 2027, lakini si kwao.

Namtetea Bekker kwa sayansi yake. Ila daktari akishamshawishi mtu ajiunge na utafiti, hana kauli siku kampuni inapopanga bei. Kamati za maadili ndizo zenye uwezo wa kukataa utafiti usianze. Zidai bei na tarehe ya dawa kufika zahanati za umma, kwa maandishi, kabla mshiriki wa kwanza hajatia saini.