Kilo Moja ya Pilipili Manga

Jamani, zamani kununua chakula kulihitaji vitu viwili: hela na kikapu. Siku hizi ukisimama mbele ya rafu ya supamaketi Ufaransa, unahitaji miwani, simu yenye chaji na kidato cha sita cha sayansi. Hapa kuna Nutri-Score, herufi ya afya ya mwili wako. Pembeni yake kuna jani lenye herufi nyingine, hiyo ni ya afya ya dunia. Paketi moja ina A huku na D kule. Hivyo ni biskuti au ni ripoti ya mtoto wa darasa la nne?

Hilo jani lilizaliwa Januari 2021 likiitwa Eco-Score. Mwaka 2024 likabatizwa upya, Green-Score, kwa sababu sheria za Ulaya zimelihifadhi neno "eco" kwa bidhaa za kilimo hai, na wenye neno lao wakalidai. Yaani hata jina la lebo lina mgogoro wa kiwanja.

Sasa chukua kalamu, maana herufi moja ina hesabu ndefu kuliko daftari la mkopo. Kuna hazina ya takwimu inayoitwa Agribalyse, ya shirika la serikali ADEME na watafiti wa INRAE, yenye vyakula kama 2,500. Kila chakula kimefuatiliwa kutoka shambani hadi mezani kwa vipimo 16: joto la dunia, maji, ardhi, sumu, mbolea inayotiririkia mitoni na kadhalika. Vyote vinakorogwa kwenye sufuria moja. Hilo joto la dunia tunalopigiwa kelele kila siku lina asilimia 21 tu ya sufuria. Kinachotoka kinageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, halafu ndipo kuongeza na kukata kunaanza. Cheti cha kilimo hai cha Ulaya, ongeza 15. Fairtrade, cheti cha biashara ya haki, au MSC, cheti cha uvuvi endelevu kwa samaki, ongeza 10. Malighafi ikitoka karibu, unaweza kupata hadi 15. Mawese yasiyo na cheti, kata 10. Kifungashio kibaya, kata hadi 15. Kwa mizani ya mwanzo, 80 kwenda juu ni A, 60 ni B, 40 ni C, 20 ni D, na chini ya hapo ni E, nenda kaombe radhi kwa misitu.

Tuseme mchuzi wa nyanya umeanza na 58. Una cheti cha kilimo hai, unafika 73. Nyanya hazikutoka mbali, ongeza 6. Mtungi wake unakatwa 10. Jumla 69, B. Lakini ukiielekezea paketi simu ili uone herufi yake, taarifa nyingi unazopata hujazwa na watu wa kujitolea wanaopiga picha paketi. Aliyepiga picha akisahau upande wenye nembo ya kilimo hai, mchuzi unabaki na 54, C. Haujaguswa hata chumvi! Kwa hiyo ukiona herufi ya ajabu, usianze kuwasema wenye kiwanda. Fungua maelezo uangalie kwanza sehemu mbili, asili ya malighafi na kifungashio. Palipoachwa wazi, mfumo unahesabu kana kwamba hali ni mbaya.

Na hiyo 58 yenyewe, unadhani ni ya mchuzi ulioushika? Thubutu! Ni wastani wa michuzi ya aina hiyo. Mwenye kiwanda aliyefunga paneli za jua na jirani yake anayechoma mafuta mazito wanaanzia mstari mmoja. Ni kama kumpima mtu presha kwa kuwapima majirani zake.

Halafu kuna jambo la kilo. Kipimo cha msingi ni kilo ya chakula. Kilo ya kahawa ya unga inaonekana mharibifu mkubwa, wakati kikombe kinatumia gramu 10 hivi. Kilo ya soda inaonekana mtakatifu, na soda ndiyo watu wanaimaliza kwa kikao kimoja. Na viungo je? Nani katika ukoo wenu amewahi kula kilo ya pilipili manga? Kwa hiyo usilinganishe kahawa na soda, wala siagi na maziwa. Linganisha kahawa na kahawa, au ugawanye mwenyewe kwa kiasi kinachoingia kwenye sahani, kama mwalimu wako wa hesabu bado anakukumbuka kwa wema.

Lakini kinachonipandisha presha ni kuku. Kuku wa kiwandani anachinjwa akiwa na siku 35 hadi 40 hivi. Yule wa Label Rouge, cheti cha ubora cha Ufaransa, anayetembea nje, anaparua majani na kuona jua, kwa masharti ya cheti hachinjwi kabla ya siku 81. Siku 81 za kula! Chakula kingi, shamba kubwa la kukilima, na mwisho nyama ni kilo ile ile. Ukigawanya kwa kilo, kuku wa kienyeji ndiye mkosaji, na yule aliyekaa kama abiria wa daladala saa 12 jioni anapewa sifa. Kosa lake ni kuishi. Pointi za cheti zinajaribu kumsuluhisha, kisha watu wa kilimo hai kupitia taasisi yao ITAB wakaona haitoshi, wakaleta lebo yao, Planet-Score, inayoangalia viuatilifu, bioanuwai na hali ya mfugo. Sasa kuku ana majani mawili. Akiongezwa la tatu atakuwa mti.

Nyie wa mishiri Kenya, yale maharagwe mabichi yanayoliwa na ganda lake, mlilijua hili la lebo kabla ya Wafaransa. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer, yalibandika picha ya ndege kwenye mazao yaliyosafirishwa kwa anga. Mishiri hupanda ndege kwa sababu inanyauka, haiwezi kukaa wiki kadhaa baharini. Parachichi linalovunwa likiwa gumu linavumilia kontena la baridi kutoka Mombasa, kwa hiyo halikubandikwa picha. Ni kweli ndege inachafua sana, makumi ya mara kuliko meli kwa kila tani na kila kilomita. Sibishi. Ila nyanya ya Ulaya kaskazini iliyolelewa Januari ndani ya nyumba ya vioo inayopashwa moto kwa gesi, mbona haikubandikwa picha ya boila?

Uingereza huko huko, mwaka huo huo, krispi za Walkers zilianza kuandikwa gramu 75 za hewa ya ukaa. Pakiti yenyewe gramu 34.5. Mnunuzi akashika kichwa: gesi imezidi viazi? Imezidi, ndiyo. Kaboni ya mafuta ikiungua inabeba oksijeni ya hewani, ndiyo maana lita moja ya petroli, ambayo haifiki kilo, hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa. Ila 75 ni nyingi au kidogo? Hakuna aliyejua, maana pakiti za jirani hazikuwa na namba. Tesco waliahidi kubandika namba kwenye bidhaa zao 70,000, na mwaka 2012 wakaacha, kwa kuwa kupima bidhaa moja kulichukua miezi.

Faida waliipata wapimaji. Walkers walipopima krispi zao iligundulika viazi vilinunuliwa kwa uzito, hivyo wakulima wakavihifadhi kwenye maghala yenye unyevu ili visipungue kilo, halafu kiwanda kikateketeza nishati kukaanga yale maji yatoke. Kiwanda kilikuwa kinanunua maji kwa bei ya viazi!

Haya, umechoka na paketi, unaamua kununua mchicha wa fungu, umefungwa kwa raba, hauna plastiki wala kiwanda. Unauelekezea simu upate herufi. Simu inatafuta mistari myeusi ya kusoma, haioni. Inazunguka, inafikiri, kisha inakujibu: bidhaa haijapatikana. Na mchicha umeushika mkononi!