Bosi anataka mwezi ujieleze

Jamani mimi ni karani tu wa stoo ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, miaka kumi na moja nahesabu magunia sina ugomvi na mtu, mpaka walipotuletea bosi mpya kutoka Dar. Kijana mdogo naweza kumzaa kabisa, kaja huku mwisho wa reli na koti la suti, kwa joto hili, siku ya kwanza tu kanikuta na chai na muhogo wangu wa kuchemsha akaniambia "mzee wangu, chai ni saa nne". Sasa hilo neno mzee wangu nimeshalijua, akilitamka tu ujue kuna kitu unakatwa.

Wiki ya tatu kaitisha kikao. Kabandika grafu ukutani, mstari unapanda weee halafu katikati puu! umedondoka. "Hizi siku sita magunia yako wapi? Nani anakula dagaa?" Tukaangaliana. Mpakizi mmoja mtu mzima akamjibu kwa adabu, bosi zile siku kulikuwa na mbalamwezi. Akauliza mbalamwezi inaingiaje kwenye stoo.

Haya, mfundishe mtu wa Dar. Dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku wa giza, unawasha taa, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa anafuata mwanga anajazana pale unamnyanyua na wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima jeupe, dagaa akufuate wewe na kitaa chako ana shida gani? Ndo maana wavuvi wanalala majumbani kwao na wake zao wanawashangaa. Mtoto wa chekechea Ujiji analijua hili.

"Mimi nataka tageti ya mwezi."

Nikasema bosi, mwezi wenyewe ndo unaoharibu tageti ya mwezi. Watu wakacheka, yeye hakucheka, jioni nikaletewa karatasi nijieleze kwa maandishi. Nikaandika, YAH: KUWAKA KWA MWEZI, kurasa mbili, na kalenda ya msikitini nikaambatanisha nimezungushia tarehe 13, 14 na 15 kwa peni nyekundu. Huyu angekuwepo 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 nadhani angemwandikia barua waziri.

Basi akaamua kuhakikisha mwenyewe. Saa tano usiku tukashuka mwaloni, mitumbwi yote imeegeshwa mchangani, vijana wanacheza drafti bila taa yoyote na kete wanaziona vizuri tu. Bosi akaangalia juu, akaangalia mitumbwi, akaangalia juu tena. Hakusema kitu. Nikajua nimeshinda, hata usingizi siku ile niliupata mtamu.

Asubuhi meseji kwenye grupu la kazi: "Kuanzia leo ripoti itakuwa na safu ya MWEZI. Mzee wangu atapiga picha ya mwezi kila siku saa tatu usiku na kutuma."

Kwa hiyo ndo kazi yangu mpya, nasimama uani na simu naitazama mbingu, mama watoto ananichungulia dirishani, anasema hajawahi kuona mwanaume anatoka nje kila siku saa tatu ile ile na simu halafu aseme ni mambo ya kazi. Juzi mawingu yalitanda Kigoma nzima, nikatuma picha ya giza. Nimepewa barua ya onyo.