Mnamdai Okutoyi mataji, nauli mlimpa?

Tangu Mkanada Victoria Mboko abebe taji la Montreal Agosti 2025, Mwanza nzima imegeuka ya wataalamu wa tenisi. Watu ambao hadi Julai walijua seti ni ya masufuria, leo wanakuchambulia mikono ya Mboko kana kwamba walimlea. Baba na mama yake wametoka Kongo, kwa hiyo ni wetu. Haya, ni wetu. Sijakataa.

Kinachonichefua ni hoja moja inayozunguka vijiweni, Makoroboi mpaka Mwaloni: "Si ndiye yuleyule aliyefungwa na Okutoyi Wimbledon? Sasa mbona huyu anavuna mamilioni na yule Mkenya kimya?" Kabla kahawa haijapoa hukumu imeshatoka: Angella Okutoyi kabweteka, kaenda zake Marekani kula maisha.

Ni kweli alimfunga. Julai 2022, fainali ya wasichana, wawili kwa wawili: Angella Okutoyi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi upande mmoja, Mboko na Kayla Cross wa Kanada upande wa pili. Wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakarudisha ya pili 6-4, wakamalizia 11-9 kwenye ile fupi ya kuamua, inayohesabiwa kwa pointi. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kabla yake. Na hapa tunamzungumzia binti ambaye mama yake alifariki akimzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi aliyekuwa akifanya kazi shuleni Nairobi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kucheza na mwenzako si sawa na kucheza peke yako, na Mboko siku ile alikuwa mtoto wa miaka 15. Ushindi ule haukuwa hati ya kuthibitisha nani atakuwa nani.

Lakini mnaijua safari ya Mboko kabla ya Montreal? Mlianza kumwona akiwafunga mabingwa Gauff, Rybakina na Osaka, mkadhani kadondoka na mvua. Mapema mwaka ule wa 2025 alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Zilikuwa mechi za mashindano madogo, yasiyoonyeshwa kwenye king'amuzi chochote, kuanzia visiwa vya Karibi mpaka Uingereza. Nyuma yake kuna chama cha tenisi cha Kanada chenye kituo chake hukohuko Montreal. Hapo ndipo pa kuangalia, si kwenye damu.

Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanawake inaitwa W15. Zawadi ni dola 15,000. Usishangilie, si za mshindi, ni za mashindano yote: wachezaji 32 wa peke yao, na juu yake wale wa wawili wawili. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na kitu. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata hela ambayo hailipi hata hoteli ya wiki. Tiketi ya ndege juu yako, chakula juu yako, na kocha ukimtaka, juu yako. Na bila kuzunguka huko hupati pointi, bila pointi huna nafasi kwenye orodha ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, bila nafasi huingii mashindano makubwa. Pointi hazitumwi kwa M-Pesa. Unazifuata, wiki baada ya wiki, uwanja kwa uwanja.

Kwa Mtunisia au Mmisri walau kuna Monastir na Sharm el Sheikh, ambako mashindano haya yanapangwa wiki baada ya wiki palepale. Unafikia hoteli moja, unacheza mwezi mzima. Wa kwetu? Nairobi wamejitahidi miaka ya karibuni, niwape haki yao. Sisi upande huu wa ziwa tumejitahidi kutoa maoni.

Mfano unaoniuma ni wa 2024. Machi, Accra, Okutoyi anachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo kwenye tenisi tangu 1978. Dhahabu hiyo ingemfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris. Lakini kulikuwa na sharti: awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakuwamo. Bingwa wa bara zima akabaki nyumbani kwa sababu ya pointi, yaani kwa sababu ya safari. Halafu mtu aliyekaa kwenye benchi Kirumba ananiambia kabweteka!

Na hayo "maisha" aliyokwenda kula ni chuo, Auburn, ambako kocha, uwanja, daktari na nauli ya timu vinatoka kwa chuo. Mmarekani Danielle Collins alipita chuoni miaka minne, akaja kucheza fainali ya Australian Open 2022 na kubeba taji la Miami 2024. Anayesema tenisi ni mchezo wa wazungu, simjibu, akamtafute Serena. Anayesema ni mchezo wa wenye hela, huyo tukae.

Mpwa wangu anacheza hapa Mwanza, kwenye kiwanja cha saruji kilichobanwa na mawe. Mpira ukiruka uzio unaingia kwenye mapango ya pimbi, na wale mijusi wenye vichwa vyekundu wanakutazama tu unavyotambaa. Ukiupata unarudi nao, hata kama umeshakuwa kipara. Wacheza wa kulipwa wanabadilishiwa mipira baada ya gemu saba, kisha kila gemu tisa. Mpwa wangu ana mipira aliyoirithi. Nyuzi za raketi zikikatika, raketi inakabidhiwa kwa kondakta wa basi la Dar ikafungwe huko, na mtoto anakaa akiisubiri na mazoezi yamesimama. Shangazi zake tunachanga, na tunanung'unika tukichanga, nisijifanye mtakatifu.

Mtunisia Ons Jabeur alichukua Roland Garros, yaani French Open, ya vijana 2011. Taji lake la kwanza la WTA, Birmingham, lilikuja Juni 2021, akiwa na miaka 26. Okutoyi kazaliwa Januari 2004. Mnamharakisha kwenda wapi?

Mimi ninachotaka ni kitu kidogo: W15 moja hapa Mwanza. Dola 15,000 ni karibu shilingi milioni 40. Goli la Mama, ile ahadi ya Rais Samia ya kulipia mabao, lilipoanza 2023, kila bao la Simba na Yanga kimataifa lilikuwa milioni 5. Mabao manane, basi, ndiyo zawadi ya mashindano mazima ya wanawake. Sisemi mpira unyimwe, mimi mwenyewe nilikuwa nayahesabu yale mabao kwa sauti. Bado kuna waamuzi, malazi na viwanja vya kutengeneza, najua, hesabu itapanda. Ila viwanda vya minofu ya sangara viko hapahapa, Geita dhahabu inachimbwa, na daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hata kisingizio cha foleni ya kivuko hakuna tena. Mwenye namba ya meneja masoko yeyote kati ya hao anitumie. Barua ya maombi nimeshaiandika.