Ibadilisheni Datsun, lakini msiikate

Nyumbani kwa mjomba wangu, Mombasa, kuna Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi, yeye, mwanawe na mjukuu wake wa kike anayesoma kidato cha tatu hutandika turubai, huvuta sanduku la spana na kuanza kazi. Huu ni mwaka wa tatu. Hawairudishi ilivyotoka kiwandani. Wameifungia breki za Toyota Hilux, rejeta pana yenye feni ya umeme na mikanda mipya ya usalama, na sasa wameng'oa kabureta zake mbili, zilizokuwa zikichanganya petroli na hewa, ili petroli iingie kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Rafiki wa mjomba tangu ujana, mtu anayeyajua magari haya kuliko sisi sote, alifunguliwa boneti akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mmeiua." Hakunywa hata kahawa aliyotengewa.

Neno hilo nimeligeuzageuza kwa miezi, maana aliyelitamka si mtu wa kupuuzwa na hoja yake ina mizizi. Aliyefuatilia mbio za magari za Safari Rally hahitaji kuelezwa 240Z ni nini kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo, na Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa gari la aina ileile. Mwaka 1973 Mehta, akiwa na Lofty Drews, alishinda yeye baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Watu wa rika la mjomba walisimama kandokando ya barabara za vumbi wakati wa Pasaka, wakaisikia kabla ya kuiona. Ukibadilisha kinachotoa mlio ule, mtu wa namna hiyo huona umemchukulia kitu chake.

Tena magari yenyewe ni machache. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huwezi kuagiza tu 240Z nyingine kutoka Japani ikae akiba. Zilizopo ndizo hizi. Kila moja inayoharibiwa kwa pupa ya kijana mwenye hela za mwezi mmoja imekwenda. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, nalo linasema hivyo kwa lugha yake: gari la kihistoria liwe na angalau miaka 30, litunzwe katika hali inayolingana na historia yake, na mkataba wake wa Turin wa mwaka 2012 unatanguliza kuhifadhi kilichopo. Hoja hizi mbili, uchache na ushahidi wa historia, nazikubali bila kigugumizi.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua, nayo ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa zaidi: dola 310,000. Januari 2020, katika mnada wa mtandaoni huko Marekani, 240Z ya mwanzoni mwa miaka ya 70 iliuzwa kwa fedha hizo. Ilipotoka dukani ilikuwa na bei ya dola 3,526. Tangu hapo kila anayeshika spana kwenye 240Z hutajiwa namba hiyo, kana kwamba kila boliti inayofunguliwa imedondosha dola elfu moja mchangani. Mjomba ametajiwa zaidi ya mara kumi. Mjukuu wake ametajiwa na mtu aliyekuja kuazima jeki.

Hebu tuitazame vizuri. Kilichonunuliwa siku ile ni gari lililotembea kidogo sana kwa miaka 50. Mnunuzi alilipia mambo ambayo hayakufanyika: halikuchakazwa na safari, halikufumuliwa injini, halikupita mikononi mwa watu wengi. Datsun ya mjomba ilipofika kwake, mwanzoni mwa miaka ya 80, ilikuwa imeshapigwa rangi ya pili. Yeye akaongeza mbili. Injini imefunguliwa mara mbili kubadilishwa ringi. Viti vilishonwa upya na fundi wa makochi. Uasilia unaouzwa mnadani ulikwisha kabla mjukuu hajazaliwa, wala hakuna atakayeurudisha, kwa sababu hata ukinunua kila kipuri kipya kutoka Japani utakuwa umejenga gari jipya lenye sura ya zamani. Kisha namba ile ina maana siku moja tu, siku ya kuuza. Ni malipo ya kuagana. Familia isiyotaka kuagana na gari lake inaambiwa iliogope kwa ajili ya mnunuzi asiyejulikana. Mtu akikushauri jinsi ya kukaa na mama yako kwa kukutajia thamani ya kiwanja chake, utamwelewa?

Upande wa wanaobadilisha haujaeleweka, naona, kwa sababu watu wanawaweka kundi moja na wale wanaokata mbele ya gari ili kusukumiza injini kubwa ya V8 ya Kimarekani. Ni watu wawili tofauti. Tuanze na breki. 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na breki za diski mbele na dramu nyuma, nazo zilitosha kwa barabara za wakati wake. Leo mjomba akitoka getini anakutana na bodaboda inayopenya kushoto, tuktuk inayogeuka bila ishara na matatu inayosimama ghafla mbele yake palipo na abiria. Na gari hili lina viti viwili tu. Kiti cha pili ni cha mjukuu. Alipouliza kwa nini breki zinabadilishwa kabla ya rangi, babu yake alimjibu, "Rangi ni ya watu. Breki ni zako."

Wenye 240Z duniani waligundua zamani kwamba kalipa, yaani vibanio vya breki, za Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 80, zenye pistoni nne, zinafunga kwenye matundu yaleyale ya kalipa za Datsun. Hakuna kinachotobolewa. Bati dogo la kuzuia vumbi ndilo linalohitaji kukunjwa au kutolewa. Kwetu sisi huo ugunduzi una faida kuliko kwa mtu wa California, kwa sababu pwani hii hakuna fundi asiyejua Hilux, na pedi zake zinapatikana hata Jumapili. Kalipa za zamani zilipanguswa, zikapakwa grisi, zikafungwa kwa gazeti. Ziko rafu ya juu.

Feni ya umeme nayo haihitaji maneno mengi kwa aliyewahi kukwama foleni ya Makupa saa nane mchana akitazama mshale wa joto. Mshale huo, pamoja na kabureta, ndio uliofanya Datsun hii ikae chini ya mwembe miaka 11. Katika miaka hiyo hakuna aliyeibadilisha chochote. Hakuna aliyesema imeuawa. Hewa ya chumvi ikala chini ya betri, ikala sakafu upande wa dereva, ikaingia kwenye mihimili inayobeba sakafu. Binti, yule mjukuu, alipitisha sumaku pembeni ya bodi ili ajue palipo chuma, na mahali pengi ikaanguka: fundi mmoja wa zamani alikuwa ameziba kutu kwa puti na kupiga rangi juu yake. Gari lilikuwa la asili kwa macho na limekufa kwa ndani. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali neno la yule rafiki, kwa heshima zangu zote kwake.

Kabureta ndilo jambo gumu, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo kitu halisi kinapopotea.

Injini yake, iitwayo L24, ina silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, na kabureta mbili ambazo lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikizidi, injini inatetemeka gari likiwa limesimama na kukohoa ikikazwa. Mjini tuna mzee mmoja anayeweza kuzisawazisha kwa sikio. Kabla hazijang'olewa, mjomba alimwomba aje azitengeneze mara ya mwisho, akasisitiza mjukuu awepo. Mzee alikata kipande cha mpira wa maji kama urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, kisha ya mbele tena. Akamkabidhi binti mpira. "Sikiliza. Hii inavuta kuliko mwenzake." Binti akafumba macho. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali. Mzee akageuza skrubu kidogo, chini ya robo mzunguko, na sauti mbili zikawa moja. Hata mimi niliyekaa kando niliona injini imetulia kama mtu aliyepata usingizi.

Ujuzi huo ukifa, umekufa. Yule rafiki wa mjomba analia kwa ajili ya hilo, na ana haki ya kulia. Lakini nauliza: mzee yule ana wanafunzi wangapi? Hana hata mmoja. Vijana wanaokuja karakanani kwake wanataka kujifunza kusoma makosa kwenye kompyuta, kwa sababu ndiko kwenye chakula. Gari linalomtegemea mtu mmoja wa miaka 74 limebakiwa na miaka yake. Kusema kabureta zisiguswe ni kumwachia mjukuu urithi ambao hana wa kumwendea utakapogoma.

Na kilichotokea baadaye sikukitarajia. Mfumo mpya ulipofungwa, na si mgeni kwa ukoo huu wa injini, maana Nissan, watengenezaji wa Datsun, wenyewe waliuweka kwenye 280Z, mrithi wa 240Z, ya Marekani mwaka 1975, binti alikaa na kompyuta mapajani akitazama namba. Mzee alikuwa amekuja kusalimia tu. Akasimama nyuma ya gari, akanusa moshi, akaomba plagi moja ifunguliwe. Ilikuwa na masizi meusi. "Petroli imezidi," akasema. Binti akageuza kompyuta amwonyeshe: namba zilikuwa zinasema hivyohivyo. Akapunguza, wakaendesha kidogo, wakafungua plagi tena. Kahawia safi. Mzee alikaa mpaka magharibi akimweleza rangi za plagi na maana zake, moja baada ya nyingine. Huko nyuma, gari lilipokuwa limeachwa kama lilivyo chini ya mwembe, hakuna aliyemwita kumfundisha mtu chochote.

Wanaotetea uasili husahau pia kwamba sifa ya gari hili hapa kwetu haikutoka dukani. Lile lililoshinda mwaka 1971, jekundu lenye boneti nyeusi, Nissan wanalitunza Japani kwenye hifadhi yao ya Zama, na kinachowavuta watu kulitazama ni taa zilizoongezwa na yote ambayo mafundi walilifanyia ili livumilie mawe na matope. Tunachokiita asili, katika Safari, kilikuwa mabadiliko.

Kwa hiyo mstari mimi nauchora mahali pengine. Kinachofunguliwa kwa spana kinaweza kurudishwa kwa spana. Kinachokatwa kwa grainda hakirudi. Breki, feni, nozeli, distribyuta ya kielektroniki (kigawa moto kwa plagi) ya 280ZX iliyochukua nafasi ya ile ya platini: vyote vimefungwa kwenye matundu ya kiwandani, na vya zamani vimehifadhiwa. Atakayezaliwa kesho akitaka kabureta zake, zimo ndani ya sanduku la mbao, na juu yake kuna karatasi yenye mwandiko wa binti ikitaja kila skrubu iligeuzwa mizunguko mingapi. Mtu anayekata mihimili aingize injini isiyoingia, huyo sina la kumtetea, na kama yule rafiki angekuwa anamzungumzia huyo, ningekaa naye meza moja.

Kutu ilitulazimisha kushika grainda, ni kweli. Sakafu ya upande wa dereva ilikatwa, ikachomelewa bati jipya kwa kufuata mikunjo ya lile la zamani, kazi ya Jumapili sita. Hapo palipokatwa hapakuwa na chuma cha kuhifadhi.

Swali lililobaki limeletwa na binti mwenyewe. Amesoma kuhusu kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha Land Cruiser za watalii ziende kwa umeme, na wiki tatu zilizopita aliuliza kama Datsun nayo haiwezi. Kwa kanuni yangu ya spana ningepaswa kukubali, kwa kuwa injini ingeshushwa na kuhifadhiwa, bodi isiguswe. FIVA hawataliita tena gari la kihistoria, lakini hilo silo linalonizuia. Nakataa kwa sababu injini ile ndiyo iliyowakutanisha yeye na yule mzee, na bado hajamaliza kumfundisha. Mjomba, aliyekuwa amelala chali chini ya gari, alinyoosha mkono nje akaomba spana ya kumi na nne. Alisema jibu atalitoa injini itakapokuwa imemfikisha Voi na kumrudisha.