Fundi wa Mtaani au Mkandarasi: Nani Ajenge Darasa la Kata?

Katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam unaweza kukuta kazi mbili za umma zinaendelea kwa wakati mmoja. Nje ya uzio wa shule, mtaro wa maji ya mvua unajengwa na kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ikiwa na mkataba wa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Ndani ya uzio, vyumba viwili vya madarasa vinapanda kwa mikono ya fundi anayeishi jirani, na anayeidhinisha malipo yake ni mkuu wa shule. Kazi zote mbili ni ndogo, na fedha zote ni za serikali. Mkandarasi alipita kwenye zabuni, fundi alipatikana kwa utaratibu wa fosi akaunti. Ubishi kuhusu ipi kati ya njia hizi mbili inamfaa mwananchi umedumu miaka mingi, na kila upande una hoja ambazo haifai kuzipuuza.

Fosi akaunti ilikuwamo kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, na sheria mpya ya mwaka 2023 haikuiondoa. Taasisi ya umma inaijenga kazi yenyewe: inanunua saruji, nondo, mbao na mabati, kisha inamlipa fundi ufundi wake tu. Shuleni shughuli hiyo hugawanywa kwa kamati za walimu na wananchi, moja ya manunuzi, nyingine ya mapokezi ya vifaa, nyingine ya ujenzi, huku mhandisi wa halmashauri akitakiwa kupita kukagua.

Kilichoisambaza nchi nzima ni wingi wa wanafunzi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika shule za msingi, na baada ya miaka michache wimbi hilo likagonga mlango wa sekondari. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa dola milioni 567, takriban Sh trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga madarasa 15,000, kila chumba Sh milioni 20. Mwaka uliofuata yakaongezwa madarasa 8,000 kwa Sh bilioni 160, hesabu ile ile ya milioni 20 kwa chumba. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wanasubiriwa Januari. Kwa muda uliobaki, kuandaa zabuni, kuitangaza, kuifanyia tathmini, kusubiri malalamiko ya walioshindwa na kusaini mkataba kwa kila shule kusingewezekana.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya watetezi wa njia hii ni kwamba madarasa yalisimama na watoto wakaingia. Asiyelipatia uzito hilo hajawahi kuona darasa la watoto zaidi ya mia wanaobanana sakafuni. Hoja ya pili ni bei: viongozi wengi wa halmashauri watakwambia kwamba chumba ambacho fundi anakimaliza kwa milioni 20, mkandarasi angekitaja kwa fedha nyingi zaidi. Ya tatu, fedha hubaki kwenye kata. Fundi, vibarua, mama anayewapikia, mwenye tofali na mwenye kirikuu cha kubeba mchanga, wote ni wa hapo hapo. Na mzazi ambaye mwanawe atakaa chini ya kenchi zile hupita jioni kuangalia, akiona mbao mbovu anamwambia mwenyekiti wa mtaa. Usimamizi wa aina hiyo haununuliki.

Sasa wasikilize makandarasi. Sheria ya mwaka 1997 iliyoanzisha bodi yao imewapanga katika madaraja saba kulingana na ukubwa wa kazi wanazoruhusiwa kufanya. Aliye daraja la saba, la chini kabisa, amelipa ada ya usajili, analipa ada ya kila mwaka apate kazi asipate, anatakiwa awe na mtaalamu mwenye sifa, na analipa kodi. Serikali hiyo hiyo iliyomtaka ajisajili ndiyo inayochukua kazi za saizi yake, darasa, choo cha shule, nyumba ya mtumishi, na kumpa fundi ambaye hakutakiwa kulipa hata shilingi ya usajili. Na mkandarasi mdogo hapandi daraja kwa maneno, anapanda kwa kazi alizomaliza. Tunalalamika kila mwaka kwamba miradi mikubwa inakwenda kwa kampuni za nje kwa sababu wazawa hawana uzoefu, lakini ngazi za chini ambazo mzawa angezikanyaga tumeziondoa sisi wenyewe.

Hoja yao nyingine ni ya dhamana, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mkataba wa mkandarasi una kipindi cha matazamio. Ukuta ukipasuka ndani ya muda huo anarudi kuurekebisha kwa gharama yake, na sehemu ya fedha zake huzuiwa mpaka muda huo uishe. Fundi akishalipwa ufundi wake amemaliza. Sakafu ikititia mwaka unaofuata, gharama ni ya shule, yaani ni ya halmashauri, yaani ni yetu.

Nimeona kwa karibu jinsi mambo yanavyokwenda katika shule moja ya kata jijini. Mkuu wa shule, mama aliyesomea kufundisha hisabati, alikuwa na daftari la stoo ambalo angeweza kulionyesha kwa mkaguzi yeyote bila hofu: mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotoka, aliyeichukua, saa na sahihi. Kwa upande wa fedha sikuona pa kumshika. Asubuhi moja fundi alimfuata ofisini. “Mwalimu, nondo za milimita 12 zimepungua. Dukani zimebaki za 10. Niendelee na hizo kwenye mkanda wa juu, ama tusubiri?” Mwalimu hakuwa na jibu, na hakupaswa kuwa nalo. Alimpigia mhandisi, naye alikuwa kwenye kata nyingine akikagua kazi nyingine kama hiyo. Fundi alisimama pale akihesabu siku ya vibarua wake inayopotea. Mwalimu aliamua kusubiri. Alifanya vema, lakini swali hilo hilo liliulizwa kwenye shule nyingi msimu ule, na sina imani kwamba kila mahali jibu lilikuwa kusubiri.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeugusa udhaifu huu mara nyingi: usimamizi hafifu wa kitaalamu, mikataba ya mafundi yenye kasoro, kumbukumbu za vifaa zisizokamilika, majengo yanayochelewa au kubaki maboma. Kwa kiasi kikubwa chanzo ni uchache wa watu wenye utaalamu. Mhandisi mmoja na mafundi sanifu wachache hawawezi kuwa kwenye kila msingi unaomwagwa zege siku hiyo.

Nikirudi kwenye bei, nadhani pande zote mbili zinapiga hesabu isiyokamilika. Milioni 20 si gharama yote ya darasa. Muda wa mwalimu anayeacha kipindi kwenda kulinganisha bei za mabati haumo. Mafuta ya gari la mhandisi hayamo. Ukarabati wa mwaka wa tatu haumo. Mkandarasi anapoandika bei yake, hivyo vyote anaviweka: msimamizi wake, usafiri, hatari ya kurudia kazi, na faida. Akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), anaongeza asilimia 18 juu ya bili nzima, ambayo inarudi Hazina. Ukiziweka bei mbili hizo kando kwa kando ukasema moja ni nafuu, umelinganisha darasa lenye dhamana na darasa lisilo na dhamana.

Lakini mkandarasi naye ana kitu ndani ya bei yake ambacho hakijengi chochote: gharama ya kucheleweshewa malipo. Tuseme amepata kazi ya milioni 40. Hana akiba, anakopa milioni 25 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hati yake ya malipo ikizunguka ofisini miezi minane, amelipa riba ya milioni 6, sawa na asilimia 15 ya mkataba mzima. Akishaumia mara moja, zabuni inayofuata ataiandika akiwa ameshaiweka riba hiyo ndani ya bei mapema. Mikataba ina kifungu cha riba ya ucheleweshaji, na ripoti za ukaguzi zimeonyesha serikali ikidaiwa mabilioni kwa sababu hiyo kwenye miradi mikubwa ya barabara. Mkandarasi mdogo anayetegemea kazi ya mwakani kutoka ofisi ile ile huona bora anyamaze.

Halmashauri zinazolalamikia bei ya makandarasi, basi, zinalalamikia bei ambayo zenyewe zimesaidia kuipandisha. Zinachelewa kulipa, bei inapanda, kisha zinakimbilia fosi akaunti kwa kuwa makandarasi ni ghali. Fundi haongezi riba kwa sababu fedha ya shule huingia kwenye akaunti kabla hajaanza kuchimba msingi. Kama mkandarasi angefanyiwa hivyo hivyo, fedha ikawepo kabla ya tangazo, kama sheria inavyotaka taasisi iwe na uhakika wa fedha kabla ya kutangaza zabuni, naamini tofauti ya bei ingepungua sana.

Hilo halimaanishi makandarasi ni wasafi. Wapo wenye kampuni za mkobani, wanaoshinda kazi kisha wanaiuza kwa mtu mwingine, naye anampa fundi yule yule wa mtaani, kwa fedha iliyokwisha kukatwa mara mbili. Mwananchi anayesimama kando ya mtaro ambao kuta zake zimebomoka mvua ya kwanza ana haki ya kuuliza usajili wa bodi umemsaidia nini.

Nje ya fundi na mkandarasi, makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, ambayo sheria imeyatengea asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi kila mwaka, yanafanya vizuri kwenye kazi za mikono mingi kama kuzibua mitaro na kufyeka kandokando ya barabara. NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023, umepunguza safari za kupeleka makabrasha na umeweka wazi nani amepewa nini. Lakini mfumo wa kompyuta hauoni nondo ya milimita 10 iliyojificha ndani ya zege.

Msimamo wangu ni huu. Chumba cha darasa kisicho cha ghorofa, choo cha shule, ukarabati wa paa, vibaki fosi akaunti, kwa sharti kwamba idadi ya kazi zinazofunguliwa kwa pamoja ifuate idadi ya mafundi sanifu waliopo, na si idadi ya ahadi zilizotolewa. Kama halmashauri ina wataalamu wa kusimamia kazi kumi, zifunguliwe kumi. Mtaro, kalavati na jengo lolote la ghorofa vipewe mkandarasi, hata kama bei ni kubwa zaidi, kwa sababu humo kosa la hesabu linaua watu au linahamisha mafuriko kwenda nyumba ya jirani. Shule za jijini zinalazimika kwenda juu kwa kukosa ardhi, na jengo la namna hiyo halipaswi kumsubiri mwalimu aamue kipimo cha nondo.

Na kazi za fosi akaunti zitengewe fedha za matengenezo tangu siku ya kwanza, kiasi kile kile ambacho kingezuiwa kwa mkandarasi, zikae kwa jina la jengo lile mpaka mwaka mmoja uishe. Baraza la madiwani linaweza kuliingiza hilo kwenye bajeti linayoipitisha kabla ya Julai. Litaipandisha bei ya darasa kidogo juu ya ile inayotangazwa sasa, na wakati huo ndipo diwani na mkandarasi watakapoweza kubishana juu ya gharama wakiwa wanazungumzia jengo la aina moja.