Kwanza jua alifia wapi, cheti baadaye

Wengi wanaotafuta kumbukumbu ya kifo huanzia mwisho. Wanajaza fomu ya ofisi ya usajili, wanalipa ada, na baada ya wiki kadhaa wanapokea barua ya mistari miwili: kumbukumbu haikuonekana. Ada hairudi, maana ofisi nyingi hulipisha kazi ya kutafuta, si karatasi. Basi mtu anaamini kwamba kifo hakikuandikishwa. Mara nyingi kiliandikishwa, tena vizuri, ila yeye alibisha hodi nyumba isiyo yenyewe.

Naona sehemu kubwa ya kazi hii inapaswa kufanyika kabla hujagusa fomu, na swali lake kuu ni moja tu: huyu mtu alikata roho wapi? Usiulize alikuwa mkazi wa wapi, wala amezikwa wapi. Daftari la vifo hufuata mahali kifo kilipotokea. Aliyeishi miaka 60 kijijini, akapelekwa hospitali ya mji wa jirani akafia huko, huandikwa kwenye daftari la mji ule hata kama maiti ilirudishwa siku hiyohiyo. Kaburi litakwambia mtu yuko wapi sasa. Halisemi alikuwa wapi siku ile.

Ufaransa wana utaratibu ninaoupenda. Kifo huandikwa kwenye manispaa kilikotokea, kisha hunakiliwa pia kwenye manispaa ya makazi ya mwisho ya marehemu, kwa hiyo mtu mmoja unaweza kumkuta mara mbili. Kwingine usitegemee hisani hiyo.

Mahali pa kifo utapajua wapi, kama ndugu hawakumbuki? Karatasi inayodharauliwa kuliko zote ni kibali cha mazishi. Wasimamizi wengi wa makaburi hawaruhusu kuzika bila kibali, nao hukihifadhi au huandika namba yake kwenye daftari lao. Kibali kinataja ofisi iliyokitoa, na ofisi hiyo kwa kawaida ndiyo iliyoandikisha kifo. Kwa hiyo ukienda makaburini usiishie kupiga picha ya jiwe. Ulizia daftari la mazishi. Baada ya hapo angalia jalada la mirathi. Kwa Uingereza na Wales kuna kalenda ya mirathi, yaani orodha ya mirathi ya kila mwaka, tangu 1858, na kwa kawaida hutaja tarehe ya kifo na mahali pake. Tangazo la gazeti nalo husaidia, ila soma neno kwa neno: "amefariki hospitalini" na "amefariki nyumbani kwa bintiye" zinaweza kuwa wilaya mbili tofauti.

Wako pia waliofia pasipo na wilaya. Vifo vya melini, vya askari vitani na vya raia walio ugenini mara nyingi huwa na madaftari ya pekee, ya mabaharia, ya jeshi na ya balozi. Mtu wa namna hiyo unaweza kumsaka kwenye wilaya zote za nchi yake usimpate, na karani hatakuwa na kosa.

Ukishapajua mahali, uliza usajili ulianza lini pale na ulikuwa mikononi mwa nani. Hapa ndipo watu huomba kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Uingereza na Wales usajili wa kiserikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Uskoti ukasubiri hadi 1855, Ayalandi 1864. Ufaransa walianza 1792, na Ujerumani yote kwa pamoja ni tangu 1876. Marekani hakuna daftari moja la taifa ambalo raia anaweza kuliandikia aombe nakala. Kila jimbo lina lake na mwaka wake. Massachusetts walianza 1841, Pennsylvania ngazi ya jimbo ni 1906. Virginia ni kichekesho: walianza 1853, wakaacha 1896, wakarudi 1912. Kifo cha huko cha mwaka 1905 usikitafute kwenye ofisi ya jimbo. Tafuta kanisani, kwenye gazeti, mirathini, au kwenye mji ambao ulikuwa na daftari lake wenyewe. Jiji la New York nalo lina ofisi yake mbali na ya jimbo la New York, na maombi yanayotumwa kwa jimbo kumbe mtu alifia jijini ni ada iliyopotea.

Kabla ya usajili wa serikali kuna madaftari ya mazishi ya parokia. Yanasaidia sana, lakini kumbuka kwamba tarehe iliyomo aghalabu ni ya kuzikwa. Na kwa Uingereza kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mazishi yaliyoandikwa Februari 1740 kwa hesabu ya leo ni Februari 1741. Wapo waliotengeneza mababu wawili kutokana na mmoja kwa kosa hili.

Tuje kwenye faharasa, yaani orodha ya majina inayokuelekeza kwenye daftari, maana huko ndiko subira huisha. Faharasa hupangwa kwa tarehe ya kuandikisha. Ile ya Uingereza na Wales hadi 1983 iligawanywa kwa robo za mwaka: aliyefariki tarehe 29 Machi akaandikishwa tarehe 2 Aprili yumo kwenye robo inayoishia Juni. Kama kifo kilichunguzwa na mahakama ya uchunguzi wa vifo, uandikishaji husubiri uchunguzi uishe, na hapo kuchelewa ni kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kifo cha ajali, cha ghafla au cha kutiliwa shaka usikitafute kwenye mwaka wake tu, songa mbele. Kurudi nyuma hakuna maana, maana hakuna anayeandikishwa kabla hajafa. Fomu inayotaka "kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani" ijaze kwa akili hiyo: kama mwaka una uhakika nao, anza na huohuo na uongeze miwili mbele, kama ni wa kukisia, mitano kila upande.

Majina ni mtihani mwingine. Usianze na jina kamili. Anza na jina la ukoo peke yake, wilaya na miaka, kisha punguza. Mwanamke aliyeolewa Uingereza umtafute kwa ukoo wa mume. Uholanzi na Ufaransa yumo kwa ukoo aliozaliwa nao. Uskoti jaribu yote mawili. Ukikosa, fikiria mwandiko: L kubwa ya zamani hufanana na S, T na F, I na J, na katikati ya neno u na n hazitofautiani. Aliyetengeneza faharasa alisoma alichokiona, na huenda hakuijua lugha ya jina lile. Programu nyingi za kutafutia zinakubali nyota badala ya herufi usizo na hakika nazo, na baadhi hutumia Soundex, mfumo uliopewa hataza Marekani mwaka 1918 unaolibadili jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayosikika sawa yakae pamoja. Ila Soundex huibakiza herufi ya kwanza kama ilivyo. Ikiwa iliyokosewa ni hiyo ya kwanza, haikusaidii kitu.

Andika pia ulichokosa: jina kwa tahajia uliyotumia, miaka, wilaya, faharasa gani, tarehe gani. Bila daftari hilo utarudia upekuzi uleule baada ya miezi sita ukidhani ni mpya.

Sasa kuomba. Kumbukumbu moja inaweza kukaa sehemu tatu: ofisi ya wilaya ilikoandikwa, ofisi kuu ya jimbo au taifa ilikopelekwa nakala, na hifadhi ya nyaraka baada ya muda wa faragha kuisha. Ujerumani daftari la vifo hukaa kwa msajili miaka 30, kisha huhamia kwenye hifadhi ya nyaraka na kuwa wazi zaidi. Pennsylvania kifo huwa wazi kwa umma baada ya miaka 50. Ayalandi picha za madaftari ya vifo vilivyopita miaka 50 zinaonekana bure kwenye intaneti, na tovuti ya utafiti wa ukoo ya FamilySearch ina mamilioni ya picha za nchi nyingi bila malipo. Ndiyo maana nasema kulipa kuwe hatua ya mwisho.

Kati ya nakala ya wilaya na ya ofisi kuu, mimi huchagua ya wilaya. Kwa madaftari ya zamani, iliyo ofisi kuu ilinakiliwa kwa mkono, na kila kunakili huzaa makosa: tarakimu inageuka, mstari unarukwa. Lakini angalia: namba ya faharasa ya taifa ya Uingereza, yaani wilaya, juzuu na ukurasa, haina kazi kwenye ofisi ya wilaya. Wao hawapangi hivyo. Huko peleka jina, tarehe, umri na mtaa.

Fomu itakuuliza unataka aina gani, na hapa watu hubofya tu. Kuna nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na sahihi, ya kupeleka benki, bima na mahakamani. Na kuna nakala isiyothibitishwa, ya kujua tu, ambayo mahali pengi ni rahisi kuipata na ada yake ni ndogo. Kwa utafiti wa ukoo hiyo ya pili inatosha. Halafu kuna nakala kamili na nakala fupi. Fupi mara nyingi huacha chanzo cha kifo na wazazi, yaani huacha yale uliyoyafuata. Na kama kuna chaguo la picha ya ukurasa wenyewe badala ya maandishi yaliyochapwa upya, chukua picha bila kusitasita. Aliyechapa upya amekwisha kukuamulia lile herufi lililofutika lilikuwa nini.

Kwa vifo vya karibuni utaombwa kitambulisho na uthibitisho wa undugu. Undugu huthibitishwa kwa mnyororo wa vyeti: mjukuu anapeleka cheti chake cha kuzaliwa kinachomtaja mzazi, na cha mzazi kinachomtaja marehemu. Jina likibadilika katikati kwa ndoa, weka cheti cha ndoa papo hapo. Pengo hilo hurudisha maombi mengi. Kama cheti kitatumika nchi nyingine, ulizia apostili, yaani uthibitisho wa hati kwa matumizi ya nchi nyingine, kabla ya kuagiza, kwa sababu hubandikwa kwenye nakala iliyothibitishwa tu, na baadhi ya ofisi hutaka iwe ya karibuni. Kwa mirathi, uliza kila benki na kila mfuko kama watairudisha nakala au wataibakiza, ndipo ujue uagize ngapi.

Na jihadhari na tovuti za madalali. Zina nembo zinazofanana na za serikali, hulipia matangazo ili zitokee juu ya matokeo ya utafutaji, nazo hupeleka fomu ileile ofisi ileile kwa ada kubwa zaidi. Soma anwani ya tovuti kabla hujasoma kitu kingine.

Kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada usisimulie historia ya ukoo. Haya yanatosha: "Naomba nakala kamili, ikiwezekana picha ya ukurasa wa daftari. Jina huenda limeandikwa kwa tahajia mojawapo kati ya hizi tatu. Alifariki kati ya 1921 na 1924, umri kati ya 55 na 60, mumewe alikuwa seremala. Mkiona zaidi ya mmoja, tafadhali niandikieni kabla ya kutoa nakala." Sentensi ya mwisho inakuokoa na kulipia mtu wa jina lile asiye wako.

Ikifika, isome kuanzia kulia. Cheti cha zamani cha Uingereza kina safu tisa: lini na wapi alifia, jina, jinsia, umri, kazi, chanzo cha kifo, sahihi na makazi ya mtoa taarifa, tarehe ya kuandikisha, sahihi ya msajili. Ya saba ndiyo ya kukaa nayo. Mtoa taarifa ni nani? Kama aliandikwa kuwa alikuwepo wakati wa kifo, tarehe na mahali viamini. Lakini umri na majina ya wazazi, pale cheti kinapoyataja, vinategemea mtu huyo alijua nini. Mkwe aliyemfahamu marehemu kwa miaka mitatu hukisia. Mlinzi wa wadi hukisia zaidi. Alama ya msalaba mahali pa sahihi ina maana kwamba hakuandika mwenyewe, basi huenda hata tahajia ya jina hakuweza kuikagua.

Chanzo cha kifo katika vyeti vya zamani ni lugha ya wakati wake. "Phthisis" ni kifua kikuu, "dropsy" ni uvimbe wa maji ambao wenyewe ni dalili tu. Kwenye fomu za kisasa zinazofuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, sehemu ya kwanza husomwa kushuka: mstari wa juu ni kilichomuua papo hapo, na mstari wa chini kabisa uliojazwa ndio ugonjwa ulioanzisha yote. Wengi husoma wa juu peke yake, wakaondoka na "moyo kusimama", jambo linalompata kila anayekufa.

Ikitokea kweli haipo, uliza kama daftari lenyewe lipo. Mei 1871 madaftari ya Paris ya kabla ya 1860 yaliungua, nakala zake pia zikaungua kwenye jengo jingine siku zilezile, na ni sehemu tu iliyoweza kuandikwa upya. Oktoba ya mwaka huohuo moto wa Chicago ukateketeza ya kwao. Omba barua rasmi ya kutoonekana kwa kumbukumbu. Mahakama na ofisi za mirathi mara nyingi huihitaji kabla ya kupokea ushahidi mwingine.

Na ukipata picha ya ukurasa, hakikisha haikukatwa pembeni. Masahihisho mengi hayafuti mstari wa mwanzo; huandikwa ukingoni, kwa tarehe na sahihi, pengine miezi baadaye. Jina sahihi la marehemu linaweza kuwa huko, nusu sentimita nje ya picha uliyotumiwa.