Kompresa ya mtumba: wanaoiogopa wanaogopa kisicho chenyewe

Mtu akisema anataka kompresa, mashine ya kubana upepo, kwa karakana yake ya nyumbani, ushauri huwa ni mmoja: nunua mpya, ya mtumba itakula hela zako. Una sababu zake. Mpya ina waranti, mota yake inakubali umeme wa nyumbani wa fezi moja, na hulazimiki kumwamini muuzaji aliyeipaka rangi jana. Kwa anayejaza upepo kwenye tairi na kupuliza vumbi tu, sina ubishi.

Ubishi unaanza kwa anayetaka kupulizia kabati rangi. Mpya za bei ya chini nyingi ni za pampu ndogo ya alumini iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota, inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, inapiga kelele na kuchemka. Stika inajisifu kwa "hp", yaani nguvu ya mota, ilhali cha kuuliza ni lita za upepo kwa dakika. Pampu ikitoa lita 150 na kifaa cha kupulizia kinataka 300, utapuliza kidogo, usimame kungoja tangi lijae, na rangi itaonyesha pale uliposimama.

Ile ya zamani, ya chuma kizito na mkanda, inazunguka polepole zaidi na imejengwa ili ifunguliwe. Ringi, gasketi, bearingi, vibati vya valvu: vyote vinabadilishika, na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anaifungua kama injini ya pikipiki. Pampu iliyochoka hujitangaza yenyewe: inagonga, inatema oili kwenye upepo, inachelewa kujaza.

Tangi halijitangazi. Upepo ukibanwa kisha ukapoa huacha maji, maji yanatulia chini, na mwenye mashine asipofungua koki kila jioni, kutu inakula bati kutoka ndani huku nje pamenakshiwa rangi ya buluu. Piga hesabu: kitako cha tangi chenye kipenyo cha sentimita 40, kwa presha ya baa 8, kinasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 10. Tani kumi, na wewe umeinama pembeni ukipiga msasa. Ndiyo maana tangi lenye kiraka cha kuchomelea huwa silijadili bei.

Kipimo kipo: tangi linajazwa maji pomoni, bila hewa kubaki, kisha linasukumwa hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi. Maji hayabanwi kama upepo, kwa hiyo likishindwa huvuja au kupasuka bila kurusha vipande. Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa vyake. Valvu ya usalama inunuliwe mpya.

Umeme nao usiusahau. Mashine ya kiwandani huja na mota ya fezi tatu, na ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Kwa hezi 50 zetu mota hiyo hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake, na upepo unapungua vivyo hivyo. Mota mpya ni gharama.

Muuzaji akikataa kipimo cha maji, hesabu kwamba tangi hulinunui. Jumlisha pampu yake, tangi jipya na mota inayofaa. Jumla hiyo ilinganishe na mashine mpya yenye lita zilezile kwa dakika, siyo na ile ndogo ya dukani yenye stika ya "hp".